Seva ya muziki nyumbani: wati 60, wati 5 na saa 8,760

Kompyuta ya mezani iliyozeeka kazini, ikahamishiwa pembeni mwa sebule na kupewa kazi moja tu ya kutunza muziki wa familia, inaweza kula umeme wa Sh 187,240 kwa mwaka ikiachwa inawaka usiku na mchana. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja ikifanya kazi ileile inakula Sh 15,603. Tofauti ni Sh 171,637. Kwa namba hizo tatu pekee, uamuzi unaonekana umekwisha. Lakini kila moja imejengwa juu ya dhana, na ipo dhana moja ambayo ikibadilika, akiba hiyo hushuka hadi Sh 15,604. Uchambuzi huu unazifungua namba hizo moja baada ya nyingine.

Kwanza maana za maneno. Seva ya muziki ni kompyuta inayohifadhi mafaili ya nyimbo na kuyagawa kwa simu na spika za nyumbani kupitia Wi-Fi au waya, bila kugusa bando. Wati ni kipimo cha kasi ya kula umeme. Uniti, ile tunayoinunua kwa LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760, kwa hiyo kila wati 1 inayowaka mwaka mzima hula uniti 8.76.

Bei ya uniti

Hesabu zote hapa zinatumia shilingi za Tanzania na bei za TANESCO, shirika la umeme nchini humo, zilizoidhinishwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016. Mteja wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, hutozwa Sh 292 kwa uniti kabla ya makato. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22, na uniti inafika Sh 356.24. Msomaji anaweza kuhakiki kwa risiti yake: Sh 1,000 hununua uniti 2.8. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU haimo, kwa sababu haipandi wala kushuka kwa kiasi cha umeme uliotumika.

Zidisha uniti 8.76 kwa Sh 356.24, utapata kipimo kinachofaa kukaririwa: kwa mteja wa T1, kila wati moja inayowaka mwaka mzima ni kama Sh 3,120. Kipimo hicho kinatosha kukagua tangazo lolote la kifaa kinachosifiwa kwa kubana umeme.

Wati 60 zimetoka wapi

Kosa linalojirudia katika hesabu za aina hii ni kusoma kibandiko cha nyuma ya kompyuta. Kikiandikwa wati 300, watu huchukua 300. Namba hiyo ni uwezo wa juu wa kisambaza umeme kilichomo ndani, si kiasi kinacholiwa. Kompyuta ya mezani ya miaka 10 au 15 iliyopita, ikiwa imetulia na kioo kimezimwa, kwa kawaida hula kati ya wati 40 na 80. Kutoa wimbo kwenye diski na kuupeleka kwenye simu ni kazi nyepesi, kwa hiyo saa karibu zote kompyuta imetulia. Nimechukua 60, katikati ya kiwango hicho.

Ukubwa wa kosa la kibandiko unahesabika. Wati 300 kwa saa 8,760 ni uniti 2,628, yaani Sh 936,199 kwa mwaka, mara tano ya hesabu ya wati 60. Ukilinganisha kibandiko hicho na chaja ya wati 15 ya kompyuta ndogo, utaambiwa unaokoa Sh 889,389 kwa mwaka. Anayenunua kifaa kwa ahadi hiyo atasubiri akiba ambayo haitafika.

Kupima hakuhitaji fundi. Mita nyingi zina taa ndogo inayopepesa, na kando yake kumeandikwa idadi ya mapepeso kwa uniti. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, pepeso moja ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa kompyuta, kisha hesabu kwa saa moja. Mapepeso 60 ni wati 60. Yakiwa 40, gharama yote ya mwaka inashuka kwa theluthi moja, hadi Sh 124,826. Yakiwa 80, inapanda hadi Sh 249,653. Pengo kati ya namba hizo mbili ni Sh 124,827, na hakuna bei ya dukani wala maoni ya muuzaji yatakayolijua badala ya mita yako.

Wati 5 zimetoka wapi

Kompyuta ndogo iliyoenea zaidi kwa kazi hii ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35, ikitoka Cambridge, Uingereza. Toleo la 4 lilitoka Juni 2019 na la 5 mwaka 2023. Toleo la 4 likiwa limetulia hula karibu wati 3. Ongeza wati 1 ya diski ya SSD, ambayo haina sehemu inayozunguka, na wati 1 inayopotea kwenye chaja. Jumla ni 5.

Namba hiyo huvurugika mara diski ya zamani inapoingia. Diski kubwa ya inchi 3.5, ile iliyokuwa ndani ya kompyuta ya mezani, hula wati 6 hadi 8 ikizunguka. Tukichukua 7 badala ya ile 1 ya SSD, jumla inakuwa wati 11, na diski peke yake inakula kuliko kompyuta inayoihudumia. Bili ya mwaka inapanda kutoka Sh 15,603 hadi Sh 34,327. Tofauti ya Sh 18,724 kwa miaka mitano ni Sh 93,620, karibu sawa na bei ya kununua SSD. Kubakiza diski ya zamani ili kuokoa fedha ni kuilipia SSD kidogo kidogo bila kuipata.

Upande wa pili kuna kishawishi cha kushuka zaidi. Raspberry Pi Zero 2 W ilitangazwa mwaka 2021 kwa dola 15, na ikitumia kadi ya kumbukumbu pekee mfumo mzima unaweza kukaa karibu wati 2. Bili yake ni Sh 6,241 kwa mwaka. Kutoka wati 60 hadi 5 kunaokoa Sh 171,637, lakini kutoka 5 hadi 2 kunaokoa Sh 9,362. Hatua ya kwanza ndiyo yenye fedha. Ya pili haitoshi kuwa sababu ya kukubali kifaa chenye kumbukumbu ya MB 512 na kisicho na tundu la waya wa mtandao.

Je, inaitosha kazi?

Mashaka ya wengi ni kwamba kifaa kidogo kitaukwamisha muziki. Namba za sauti zinajibu. Santuri ya CD huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani megabiti 1.4. Tundu la waya la megabiti 100, kiwango cha chini kabisa katika vifaa vya leo, linaweza kinadharia kupitisha miziki 70 ya ubora huo kwa wakati mmoja. Familia yenye wasikilizaji 5, kila mmoja na wimbo wake, inahitaji megabiti 7.

Nafasi ya kuhifadhi nayo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Chukua hazina ya saa 500: kanda za taarab, dansi la Mbaraka Mwinshehe na NUTA Jazz, rekodi za harusi na maulidi, na bongo fleva ya watoto. Bila kubanwa, saa moja ya ubora wa CD ni MB 635, na saa 500 ni GB 317.5. Kwa FLAC, mfumo unaobana sauti bila kupoteza chochote, saa moja hushuka hadi kama MB 350, na hazina yote ni GB 175. Kwa MP3 ya kilobiti 320 ni GB 72. SSD ya GB 256 inaichukua hazina nzima katika FLAC na kubakiza karibu theluthi moja ya nafasi. Anayeuziwa diski ya TB 4 kwa ajili ya muziki wa saa 500 ananunua nafasi karibu mara 23 ya anayoihitaji.

Programu ni Sh 0. Navidrome, MPD na Lyrion Music Server zote hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Thamani ya msimbo wazi inaonekana kwenye historia ya Lyrion. Ilianza kama programu ya kampuni ndogo ya Slim Devices, iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2006. Logitech iliachana na vifaa vyake vya Squeezebox mwaka 2012 na kufunga huduma yake ya mtandaoni mwaka 2024. Programu ya seva haikufa, kwa kuwa watumiaji walikuwa na msimbo wake na waliiendeleza kwa jina jipya. Kwenye jedwali la gharama, mstari huo wa sufuri una uhakika kuliko mistari mingi yenye bei.

Gharama ya kuhama

Bei za vifaa hubadilika kila mwezi na kila duka, kwa hiyo zifuatazo ni makadirio ya kufanyia hesabu. Weka bei utakayoambiwa dukani mahali pake. Kompyuta ndogo: Sh 220,000. Chaja yake: Sh 35,000. Kasha: Sh 25,000. Kadi ya kumbukumbu ya kuwashia mfumo: Sh 20,000. SSD ya GB 256 na kasha lake la USB: Sh 100,000. Jumla ni Sh 400,000. Ubao wenyewe, ambao ndio hutajwa kwenye matangazo, ni asilimia 55 tu ya jumla hiyo.

Gawanya Sh 400,000 kwa akiba ya Sh 171,637 kwa mwaka, utapata miaka 2.33, yaani miezi 28. Hesabu ile ya vibandiko, ya wati 300 dhidi ya 15, ingesema fedha zinarudi ndani ya miezi 5 na nusu. Tukiongeza Sh 10,000 kwa mwaka za kubadilisha kadi, kwa sababu kadi za kumbukumbu huchoka kwa kuandikwa mara kwa mara, akiba inabaki Sh 161,637 na muda unakuwa miezi 30.

Mita tatu, akiba tatu

Miezi hiyo 28 ni ya mteja wa T1. Wa daraja la D1, lililowekwa kwa kaya zenye matumizi madogo, hutozwa Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi. Baada ya makato ni Sh 122 na Sh 427. Kompyuta ya wati 60 inakula uniti 43.8 kwa mwezi, na ile ya wati 5 uniti 3.65. Kaya inayobaki chini ya 75 katika hali zote mbili inaokoa uniti 40.15 kwa Sh 122, sawa na Sh 4,898 kwa mwezi au Sh 58,780 kwa mwaka. Kwa kaya hiyo Sh 400,000 zinarudi baada ya miaka 6.8. Wati ni zilezile na kifaa ni kilekile, lakini muda umekaribia mara tatu.

Kaya ya mpakani ina hesabu nyingine. Tuseme matumizi mengine ya nyumba ni uniti 50. Kwa kompyuta kubwa jumla ni 93.8, na kwa ndogo ni 53.65. Kwa jedwali la D1, uniti 93.8 zinagharimu Sh 17,178: Sh 9,150 za uniti 75 za kwanza na Sh 8,028 za 18.8 zilizozidi. Uniti 53.65 zinagharimu Sh 6,545. Akiba ni Sh 10,633 kwa mwezi, na fedha zinarudi baada ya miaka 3.1.

Lakini D1 ni ya wateja ambao wastani wao hauvuki uniti 75. Kaya ikihamishiwa T1 kwa sababu ya kompyuta iliyoachwa inawaka, uniti 93.8 zinakuwa Sh 33,415. Ukilinganisha na Sh 6,545 za kaya ileile ikibaki D1, tofauti ni Sh 26,870 kwa mwezi, na Sh 400,000 zinarudi ndani ya miezi 15. Sharti la hesabu hiyo ni kwamba kaya iko D1 baada ya kupunguza matumizi. Mita ikiwa imebaki T1, uniti 53.65 ni Sh 19,112, na akiba inarudi palepale pa Sh 14,303 kwa mwezi. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, soma daraja lako kwenye risiti ya LUKU.

Dhana kubwa kuliko zote: saa

Hadi hapa kompyuta zote mbili zimewaka saa 24. Dhana hiyo ndiyo iliyobeba akiba yote, na ndiyo inayopita bila kuulizwa. Familia inayosikiliza saa 3 kwa siku inasikiliza saa 1,095 kwa mwaka. Saa 7,665 zilizobaki, asilimia 87.5 ya mwaka, seva inawaka ikimsubiri mtu.

Chukua kompyuta ileile ya wati 60, lakini iwake saa 4 tu kwa siku. Kwa mwaka inakula uniti 87.6, sawa na Sh 31,207. Bila kununua kifaa chochote, bili imeshuka kwa Sh 156,033, asilimia 83.3. Kompyuta ndogo inayowaka saa 24, kwa Sh 15,603, sasa inaishinda kwa Sh 15,604 tu kwa mwaka. Kwa akiba hiyo Sh 400,000 zinarudi baada ya miaka 25.6. Kama ndogo nayo itazimwa na kuwaka saa 4, bili yake ni Sh 2,601, akiba ni Sh 28,606, na muda ni miaka 14. Vifaa vyenyewe havitaishi muda huo.

Gharama kwa kila saa ya kusikiliza inaliweka wazi jambo hili. Kompyuta kubwa ikiwaka saa 24: Sh 171. Kompyuta kubwa ikiwaka saa 4: Sh 28.50. Kompyuta ndogo ikiwaka saa 24: Sh 14.25. Sehemu kubwa ya kushuka huko imeletwa na kitufe cha kuzimia.

Hoja ya kuiacha ikiwaka ina uzito wake. Bibi anataka taarab saa 11 alfajiri, kijana anasikiliza usiku wa manane, na hakuna anayetaka kwenda kuwasha mashine na kungoja. Hiyo ni huduma, na huduma ina bei. Lakini bei yake ndiyo iandikwe: kwa Sh 400,000 mtu huyo ananunua muziki unaopatikana saa yoyote. Akiba ya umeme ni yake tu ikiwa kweli kompyuta ya zamani ilikuwa haizimwi.

Njia mbili zinazosahaulika

Raspberry Pi si kompyuta pekee inayokula kidogo. Maofisi hubadilisha kompyuta zao, na zile ndogo kama Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini huishia kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika. Zikitulia hula kama wati 10, na huuzwa zikiwa na diski, kasha na chaja. Kwa makadirio ya Sh 250,000, bili ya umeme ni Sh 31,207 kwa mwaka, akiba dhidi ya ile ya wati 60 ni Sh 156,033, na fedha zinarudi ndani ya miezi 19. Inakula umeme mara mbili ya Raspberry Pi, lakini inajilipa miezi 9 mapema.

Njia ya pili ni kompyuta mpakato iliyopasuka kioo au kuharibika kibodi, ambayo tayari imo kabatini. Kioo kikizimwa, hula kama wati 15. Bili ni Sh 46,810 kwa mwaka, bei ya kununua ni sufuri, na akiba ya Sh 140,430 kwa mwaka inaanza siku ya kwanza. Sharti moja: betri iliyovimba iondolewe kabla ya kuiacha ikiwaka bila uangalizi.

Weka zote kwa miaka mitano, kifaa pamoja na umeme wa T1 saa 24. Kompyuta ya mezani: Sh 936,200. Raspberry Pi: Sh 478,015. Kompyuta ndogo ya ofisi: Sh 406,035. Kompyuta mpakato ya kabatini: Sh 234,050. Yenye wati chache kuliko zote imeshika nafasi ya tatu kati ya nne. Ili Raspberry Pi iipite kompyuta ndogo ya ofisi, Sh 150,000 za ziada zilizotolewa dukani zinahitaji kurudishwa kwa Sh 15,604 kwa mwaka, na hilo huchukua miaka 9.6.

Umeme ukikatika

Kuna mahali ambapo wati chache zina faida isiyoonekana kwenye bili. UPS ya kawaida hubeba betri ya volti 12 na ampea-saa 7, sawa na wati-saa 84. Baada ya upotevu, tuseme zinazotumika ni 50. Kompyuta ya wati 60 inapata dakika 50. Ya wati 5 ingepata saa 10, lakini UPS yenyewe hula umeme ili kufanya kazi. Ikila wati 5, muda unakuwa saa 5. Wati hizo 5 zikiliwa mwaka mzima, bili ya kompyuta ndogo imezidishwa mara mbili.

Pawabenki ina njia fupi zaidi, kwa kuwa inatoa volti 5 moja kwa moja. Namba 20,000 mAh iliyoandikwa juu yake ni ya volti 3.7 za ndani, kwa hiyo ni wati-saa 74. Toa asilimia 15 za upotevu, zinabaki 63, yaani saa 12 na nusu za muziki kwa wati 5. Ihakikiwe kwamba inaweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa pamoja bila kukatika hata kwa nukta moja. Kompyuta ikizimika ghafla wakati kadi inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika.

Kwa nyumba isiyo na gridi, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Wati 5 kwa siku nzima ni wati-saa 120. Kwa jua kamili la saa 5 na upotevu wa asilimia 30, paneli ya wati 35 inatosha, na ya wati 50 ni salama zaidi. Wati 60 ni wati-saa 1,440 kwa siku, na zinataka paneli za wati 411 pamoja na betri za kulingana nazo. Hapo hesabu ya miezi 28 haihusiki tena: kompyuta kubwa inahitaji mtambo wake wa umeme.

Dhidi ya bando

Wapo watakaouliza kwa nini seva, wakati simu inacheza muziki mtandaoni. Kwa kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja hula MB 72. Saa 3 kwa siku kwa mwaka ni MB 78,840. Tukichukua Sh 2 kwa MB, hiyo ni Sh 157,680 kwa msikilizaji mmoja, mara 10 ya umeme wa kompyuta ndogo. Dhana ya Sh 2 ni ya mtu wa bando. Mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani tayari ameshalipa, na kwake nyongeza ni sufuri. Anayepakua nyimbo mara moja na kuzirudia naye hula sehemu ndogo tu ya MB hizo.

Kuna muziki ambao swali hilo haliugusi. Kanda ya harusi ya shangazi, kikundi cha taarab cha mtaani kilichorekodiwa ukumbini, kipindi cha redio kilichonaswa kwa kaseti: hivi havina bei ya bando kwa sababu havipo mtandaoni kabisa. Kwa familia nyingi ndiyo sababu pekee ya kweli ya kuwa na seva.

Mstari unaokosekana

Kanda huhamishwa kwa mwendo wake wenyewe: saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa nayo. Hazina ya saa 500 kwa saa 2 kila jioni ni jioni 250. Tukiuthamini muda huo kwa Sh 1,000 tu kwa saa, kazi hiyo ni Sh 500,000, zaidi ya gharama yote ya kuhama. Na kanda zikishachakaa, hakuna mshahara utakaoirudisha kazi hiyo.

Bado hesabu nyingi za seva hazina mstari wa nakala ya akiba. Diski ya pili ya nje, kwa makadirio ya Sh 150,000, ikiunganishwa mara moja kwa wiki na kutunzwa nyumba nyingine, haili umeme wa kuhesabika. Haibadilishi mashindano ya wati 60 na wati 5, kwa kuwa inahitajika pande zote mbili. Lakini inaibadilisha bajeti: kuhama si Sh 400,000, ni Sh 550,000. Mwenye Sh 150,000 peke yake anunue diski hiyo kwanza na kompyuta ndogo baadaye. Seva ya zamani ikiendelea kuwaka atapoteza Sh 14,303 kwa mwezi. Diski yake pekee ikifa, atapoteza jioni 250.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua unatoka kwenye namba zenyewe. Pima wati kwa mita. Soma daraja la bei kwenye risiti. Hesabu saa ambazo muziki unasikilizwa kweli, na jaribu kwa mwezi mmoja kuizima kompyuta kubwa usiku na saa za kazi. Tengeneza nakala ya akiba. Kisha, ikiwa bado seva inahitajika saa 24 na mita ni ya T1, anza na kompyuta mpakato ya kabatini, halafu kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika. Raspberry Pi ipewe nafasi ya kwanza pale ambapo umeme unatoka kwenye betri au paneli, kwa sababu hapo kila wati moja inanunuliwa kwa bei kubwa kuliko Sh 3,120 kwa mwaka.